Tanzia ya Duka la Pelham

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya wafiwa wote wa mji wa Oxenby, natangaza kifo cha Duka la Pelham na Wanawe, wauzaji wa sare za shule, kofia, soksi na vifungo, lililofariki dunia ghafla baada ya kuwavisha watu wa mji huu kwa vizazi vinne. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo, hasa wale ambao hawakuwahi kununua humo hata sindano.

Lilikuwa tangazo zuri. Nililiandika kwenye kipindi cha Kilatini na kulisoma bwenini kwa sauti nzito, mkono kifuani. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Wakati naliandika, marehemu alikuwa mzima, mlango wazi, kengele ya mlangoni inalia, na Bi Enid Pelham yuko ndani anampima mtoto kiuno.

"Mbona hajafa huyo?" aliuliza Bassett, aliyelala kitanda kilicho jirani na changu na asiyependa kudanganywa.

"Atakufa," nilimjibu. "Mimi ndiye niliyemchota."

Kila muhula wa vuli, bweni letu la Shule ya Hallowmere huendesha mchezo. Majina ya maduka ya Mtaa Mkuu huandikwa kwenye vikaratasi, hukunjwa, hutiwa kwenye kofia, na kila mtu huchota. Ambaye duka lake litafungwa kwanza hutwaa vitamu vyote walivyotujazia mama zetu kwenye masanduku yetu: chokoleti, biskuti, keki za matunda, na zile peremende za maziwa ambazo bibi yake Iyengar humtumia kutoka Leicester. Ni mchezo wa haki, na siku hizi hauchukui muda. Iyengar aliwahi kushinda kwa benki, kabla hatujamaliza hata kuwaogopa walimu wapya. Bassett alishinda kwa duka la viatu. Duka la midoli ya watoto lilifia likizoni, tukabishana mpaka Pasaka nani mshindi.

Muhula huu nilichota Pelham.

"Pole sana, mzee," Iyengar aliniambia, akinipigapiga bega kama daktari. "Umechota mlima."

Alikuwa na haki ya kunicheka. Mtaa mzima ungeweza kugeuka saluni za kucha na vibanda vya sigara za mvuke, na Pelham angebaki amesimama, kwa sababu sheria ya Hallowmere inasema kila mwanafunzi avae koti, suruali na tai kutoka kwa Pelham, na si kwingine. Bila shule, duka lile lisingemaliza mwezi. Pamoja na shule, lilikuwa haliuliki. Bi Pelham alikuwa amenipima tangu nina miaka minane. Kila mwaka alipiga magoti mbele yangu, pini mdomoni, akasema kitu kilekile: "Quennell, simama wima, wewe si ua linalonyauka." Mikono yake ilinukia sabuni na mbwa.

Mbwa ndiye aliyeitwa Kanali. Alikuwa mzee, kipofu, na alilala chini ya meza ya kukatia vitambaa. Naye alikufa wiki ile niliyochota, lakini sikuwa nimemchota yeye.

Sasa, mimi nina kipaji kimoja ambacho walimu hawakipi alama. Huwaangalia watu. Na nilikuwa nimewaangalia watu wa Oxenby vya kutosha kujua kwamba hawaingii dukani mpaka duka lianze kufa. Likiwa zima wanapita wakiangalia simu. Likibandika tangazo la kufungwa, wanafurika, wanashika vitu, wanatikisa vichwa, wanasema ni aibu, mtaa umekwisha, halafu wanauliza kama punguzo linahusu na mwamvuli.

Kwa hiyo nilihitaji tangazo tu. Nilichukua shuka la kitandani mwangu. Nikanunua kopo la rangi nyeusi ya viatu, na nililinunua kwa Bi Pelham mwenyewe, maana napenda kusaidia biashara za hapa kwetu. Nikaandika kwa herufi ndefu kama mlango: DUKA LINAFUNGWA. KILA KITU NUSU BEI.

Jumapili shule nzima hupelekwa kanisani kwa mstari. Mahubiri ya pale yana tabia ya kutokwisha. Nilimnong'oneza kiranja kwamba tumbo limeniasi, nikatoka na uso wa mgonjwa, Bassett akanifuata kwa kisingizio cha kunishika mkono. Mtaa Mkuu ulikuwa mtupu. Tulipanda juu ya pipa la taka, tukalifunga shuka juu ya kibao cha duka. Upande mmoja fundo lililegea, na pembe moja ikaning'inia kando ya mlango, usawa wa pua ya mtu mrefu.

"Limepinda," alisema Bassett.

"Msiba wowote hupinda kidogo. Teremka."

Tukarudi kanisani kabla ya wimbo wa mwisho. Niliimba kwa nguvu.

Bi Pelham alikaa ghorofani, juu ya duka lake. Alitoka na kurudi kwa mlango wa nyuma, na Jumatatu asubuhi alishuka ngazi za ndani kama kawaida, akafungua kitasa, akageuza kibao cha KARIBU. Shuka lilikuwa juu ya kichwa chake na hakuliona. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno, kwa hiyo nilikuwa na meno yote na nafasi tele. Niliingia dukani, nikasimama kwenye soksi nikijifanya nachagua.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Gadsby, jirani wa mtaa wa nyuma, mwanamke ambaye nyumbani kwake gari la vifurushi vya mtandaoni husimama asubuhi na jioni. Alimshika Bi Pelham mikono yote miwili.

"Enid, mpenzi wangu. Pole. Nimeona tu asubuhi hii. Sina la kusema."

"Asante, Maureen," alisema Bi Pelham, na macho yake yakalowa. "Nilijua mwisho unakaribia. Lakini ukikaa na kitu miaka yote hiyo."

"Kabisa. Nitapakumbuka sana hapa."

Bi Pelham alikuwa akimlilia Kanali, mbwa wake. Bi Gadsby alikuwa akiangalia bei ya glavu. Ninyi mnaotoka mahali ambapo mtu husema jambo kwa jina lake mtashangaa ingewezekanaje jambo hili liendelee. Oxenby inawezekana. Kwetu, kumtajia mtu msiba wake ni ukosefu wa adabu. Unashika mkono, unatazama pembeni, unasema "basi ndiyo hivyo," unaondoka. Walikuja kumi, walikuja ishirini, kila mmoja akashika mkono, kila mmoja akatazama pembeni. Kasisi alikuja akasema hakika ilikuwa huduma ya uaminifu. Bi Pelham akajibu kwamba mwishoni hakuweza hata kupanda ngazi. Kasisi akasema wengi wetu tutafika huko.

Niliuma soksi nisicheke. Zilikuwa za sufu.

Ni mtoto mdogo aliyeharibu. Alikuja na baba yake, akauliza kwa sauti, "Bi, ukishafunga duka utakwenda kukaa wapi?"

Baba yake akawa mwekundu kama nyama. Bi Pelham akamtazama yule mtoto, akatutazama sote, na watu wazima wote wakawa wanachunguza vifungo. Akatoka nje na utepe wa kupimia shingoni. Nilimwona kupitia kioo akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka katikati ya barabara, kichwa juu, akisoma. Gari likapiga honi. Akarudi karibu na mlango, akashika ile pembe iliyoning'inia, akaisogeza karibu na macho, akaiachia.

Nikangoja alipuke. Ningeelewa kama angelichana shuka kwa meno. Badala yake aliingia ndani, akasimama nyuma ya meza yake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Haya. Nani anafuata?"

"Punguzo linahusu na kofia?" aliuliza Bi Gadsby.

"Linahusu na kofia, Maureen."

Hakuliondoa shuka siku ile, wala kesho yake. Mtaa Mkuu haukuwa umeona foleni kama ile tangu benki ilipogawa kalamu. Watu walisimama nje, bega kwa bega, pua zao karibu na shuka langu, wakilalamika juu ya mtandao huku wakilinganisha bei kwenye simu. Walimu wetu walikuja. Mwalimu Mkuu, Dokta Lavery, alinunua soksi nyeusi za mwaka mzima. Mwenye jengo, Bwana Sprake, alipita na kijana mmoja mwenye ndevu za kuchongwa, wakapima upana wa dirisha bila kuingia. Kijana alikuwa akitafuta mahali pa kuuzia sigara za mvuke.

Bwenini nilikuwa mfalme. "Lakini hajafunga bado," Bassett alisisitiza. "Sheria ni kufungwa, siyo kutangaza."

"Subira, mwanangu," nilimwambia. "Maiti mzuri haharakishwi."

Jumatano nilipewa adhabu kwa kumwiga mwalimu wa Kilatini mbele ya mwalimu wa Kilatini, nikawekwa kwenye benchi nje ya ofisi ya Dokta Lavery. Ndipo Bi Pelham alipokuja. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Alinipita, akanitazama, akasema, "Simama wima, Quennell," ingawa nilikuwa nimekaa. Akaingia. Mlango wa ofisi ile haujawahi kufunga sawasawa.

"Nimekuja kukuambia kwamba sifungi," alisema. "Lile tangazo si langu. Ni mzaha wa mtoto."

"Mtoto gani?" aliuliza Dokta Lavery.

Nilihesabu vigae vya ukutani ili nisihesabu kitu kingine.

"Mtoto tu," alisema Bi Pelham. "Nadhani atajitokeza mwenyewe, akipewa nafasi."

Nafasi ilikuwepo. Ilikuwa na upana wa mlango. Ningeweza kusimama, kubisha, kusema maneno mawili, na mambo yangekuwa mabaya kwangu na mazuri kwake. Nilifikiria chokoleti za masanduku yote ya bweni. Nikafikiria pia kwamba hajui. Kama angejua, nilijiambia, angesema.

"Bi Pelham," alisema Dokta Lavery, kwa ile sauti yake ya kuwaambia wazazi kwamba mtoto wao hana akili, "tusidanganyane, mimi na wewe. Kuna kampuni ya mtandaoni inayotuomba kazi hii tangu zamani. Tulikuwa tunaona haya kukuacha, na babu yako ndiye aliyechora tai yetu. Tuliposikia umeamua mwenyewe, Bodi ya shule ilishusha pumzi. Jana tumewapa kazi."

"Lakini sikuamua."

"Mji mzima umekwisha kusoma."

"Kwa hiyo nikishaandikwa nimekufa, basi nimekufa."

"Mimi nisingetumia lugha hiyo," alisema Dokta Lavery. "Kwa kweli umeturahisishia sana. Tungependa kukufanyia hafla ya kukuaga. Kutakuwa na keki ya ndimu."

Alipotoka alisimama mbele ya benchi langu. Nilidhani ataniambia tena nisimame wima. Alinitazama tu, jinsi fundi anavyotazama suruali iliyoshonwa vibaya na isiyo na kitambaa cha kuongezea. Halafu akaenda zake.

"Amekwenda kufunga," nilimwambia Bassett wakati wa chakula.

Bassett alikuwa anakula kastadi. Aliweka kijiko chini. "Tumwambie mtu," alisema. "Quennell, mzaha umetosha."

"Mwambie. Na useme nani alisukuma pipa la taka."

Akachukua kijiko.

Jumamosi ilikuwa hafla. Rafu zilikuwa tupu, hata vile vichwa vya mbao vya kuwekea kofia Bi Gadsby alikuwa amevinunua, kila kimoja kwa nusu bei. Watu wote walikuwepo, vikombe vya chai mikononi. Wengine walikuwa wameweka maua mlangoni, kwenye plastiki yake, kama mahali palipogongwa mtu. Shule ilihitaji mwanafunzi wa kutoa hotuba, na kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyekuwa na hotuba tayari, nilijitolea.

Nilipanda kwenye ngazi ya dukani. "Kwa masikitiko makubwa," nilianza, "na kwa niaba ya wafiwa wote," na nikaendelea mpaka mwisho, isipokuwa ile sehemu ya sindano, niliyoifuta kwa heshima ya Bi Gadsby. Nilisema alitufunza kusimama wima. Kasisi alifuta macho. Bi Gadsby alilia kwa sauti, akiwa amevaa kofia ya nusu bei. Walinipigia makofi. Niseme ukweli, nilikuwa nimeanza kujililia na mimi kidogo.

Bi Pelham ndiye peke yake aliyekuwa hapigi makofi, kwa sababu alikuwa ameshika kifurushi cha karatasi ya kaki.

"Quennell," alisema, "njoo uchukue chako kabla sijafunga mlango."

Watu wakasema "oo" kwa huruma, wakidhani ni zawadi. Nami nilidhani ni zawadi. Nikafungua pale pale mbele yao, maana nilipenda kutazamwa.

Lilikuwa shuka. Lilikuwa limefuliwa, likapigwa pasi, likakunjwa mraba, na herufi zilionekana kwa mbali kama moshi. Juu kabisa, pembe ikiwa imegeuzwa kwa makusudi, kulikuwa na kile kitambaa chembamba cheupe chenye uzi mwekundu: H. J. QUENNELL.

Mtu asiyesoma shule ya bweni hawezi kuelewa nilivyokuwa mpumbavu. Tangu nina miaka minane jina langu limeshonwa kwenye kila kitu changu, soksi, leso, taulo, chupi, mto. Nimeliona mara nyingi mpaka silioni tena, kama mtu asivyoiona pua yake. Nililipaka shuka rangi, nikalibeba, nikalitundika mbele ya mji mzima, na haikunijia hata mara moja kwamba nimelitia saini. Na aliyenishonea saini ile alikuwa Bi Pelham, kwa mkono wake, kwenye meza ile ile.

"Ulijua," nilisema.

"Jumatatu, saa ile ile niliyotoka nje. Nilitaka nilishushe jioni nikakuvute sikio. Halafu nikasema acha kwanza, nione kama yupo hata mtu mmoja atakayeniambia nisifunge." Akatazama chumba. "Nilikaa hapa siku mbili nikimngoja. Nilipochoka kungoja nikaja shuleni, na wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi."

"Wakubwa," nilisema, nikiwageukia, maana uso wake ulikuwa hautazamiki, "mimi sikujua kwamba—"

Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo nililoliona nilipogeuka. Kasisi alikuwa anatazama chai yake. Dokta Lavery alikuwa anatazama viatu, na juu ya viatu soksi zake mpya. Bi Gadsby alikuwa ghafla na shughuli kubwa na utepe wa kofia. Walikuwa wamesimama kwenye foleni ile wiki nzima, pua zao usawa wa jina langu, na kila mmoja alikuwa amelisoma. Walijua ni mzaha. Walishika mkono, wakatazama pembeni, wakauliza kuhusu glavu.

"Tulidhani anakusaidia kutangaza, Enid," alisema Bi Gadsby.

"Hukudhani hivyo, Maureen."

Akanigeukia. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Ningeishika hasira kwa mikono miwili na kuibusu.

"Sasa sema. Sikuulizi nani, hilo nimelisoma. Kwa nini?"

Kipaji changu chote kilikuwa kimeniacha. Nilimtafuta Bassett kwa macho, naye alikuwa keshafika mlangoni.

"Tuna mchezo," nilisema. "Bwenini. Tunachota maduka kwenye kofia. Duka lako likifungwa kwanza, napata vitamu vya wenzangu."

"Vitamu."

"Chokoleti. Na biskuti. Na keki."

"Umeshapewa?"

"Jana. Walikubali kunipa mapema."

"Na umekula?"

Nilitazama shuka. "Nimekula zote," nilisema. "Nyingine sikuzipenda."